Sikio Halinunuliwi Dukani

Muziki ni furaha ya nyumba. Jioni, kazi zikiisha, baba akikaa kitini na mama akimaliza mambo ya jikoni, watoto huomba muziki ufunguliwe, na nyumba nzima huchangamka. Hatuna neno la kulaumu juu ya furaha hiyo, maana na sisi twaipenda. Lakini leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalofichika nyuma yake, nalo ni bei.

Swali lenyewe ni hili. Mtu ana chombo cha muziki cha dola 100. Jirani yake ana cha dola 1,000. Je, huyu wa pili asikia muziki ulio mzuri mara kumi? Na tajiri mwenye chombo cha dola 10,000, je, asikia ulio mzuri mara mia? Msidhani kwamba bei hizo ndizo za mwisho. Mwaka wa 2017 kampuni ya Wilson Audio, ya jimbo la Utah huko Marekani, ilitoa spika mbili ambazo bei yake ilikuwa dola 685,000. Kwa fedha hiyo mtu angejenga shule nzima na kuiwekea madawati.

Swali hili ni la hesabu, lakini pia ni la maisha. Fedha iliyoingia katika spika haiwezi kuingia tena katika masomo ya mtoto wala katika mabati ya nyumba. Basi tutoe jibu letu mapema: sivyo hata kidogo. Fedha ya kwanza hununua mengi, ya pili hununua machache, na ya mwisho hununua kitu ambacho sikio haliwezi kukitambua. Mtufuate polepole, nasi tutawaonyesha sababu.

Fundisho la shamba

Wakulima walilijua jambo hili kabla wenye elimu hawajaliandika. Shamba la mahindi lisilopaliliwa hutoa mavuno haba. Ukilipalilia mara moja, mavuno hupanda sana. Ukipalilia mara ya pili, hupanda tena, lakini si kama mara ya kwanza. Mara ya tatu faida ni ndogo. Na mtu ambaye angepalilia kila siku, asubuhi na jioni, angepoteza nguvu zake bure, tena angekata mizizi ya mahindi yake mwenyewe.

Karibu na mwaka wa 1768, Mfaransa mmoja jina lake Turgot, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha wa mfalme Louis wa 16, alilieleza jambo hilo kwa maandishi. Aliifananisha ardhi na springi ya chuma inayowekewa mizigo iliyo sawa, mmoja juu ya mwingine. Springi ikisha kuanza kushuka, hufika wakati ambapo kila mzigo mpya huishusha kidogo kuliko mzigo uliotangulia, hata mwishowe mzigo ule ule uliofanya kazi kubwa mwanzoni hauishushi hata unene wa unywele. Mwaka wa 1854 Mjerumani aitwaye Gossen alionyesha kwamba starehe za mwanadamu nazo zafuata njia hiyo hiyo. Mwenye kiu huona kikombe cha kwanza cha maji kuwa uzima, cha pili kuwa raha, na cha tano hukisukuma kando. Wataalamu wa uchumi huiita kanuni ya faida inayopungua.

Hatua kubwa zimekwisha kupigwa

Tutazame sasa historia ya vyombo vya sauti. Mwaka wa 1877 Mmarekani Thomas Edison alitengeneza chombo cha kwanza kilichoweza kuandika sauti ya mtu na kuirudisha tena. Mwaka wa 1887 Emile Berliner, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alileta sahani bapa, na ndiyo mwanzo wa gramafoni. Hata hivyo, kwa miaka mingi mwimbaji alilazimika kuimba kwa nguvu mbele ya baragumu kubwa, maana umeme ulikuwa haujaingia katika kazi hiyo. Mwaka wa 1925 makampuni makubwa ya santuri yalianza kutumia maikrofoni na umeme, na sauti za chini za ngoma na sauti nyembamba za fidla zikasikika vizuri kuliko zamani.

Mwaka wa 1948 kampuni ya Columbia ilitoa santuri ndefu, ambayo upande mmoja uliweza kuchukua dakika ishirini na zaidi, badala ya dakika nne au tano. Mwaka wa 1958 santuri za stereo zilienea madukani, nazo zilitoa sauti kwa spika mbili, hata msikilizaji akatambua nani yuko kushoto na nani yuko kulia. Mwaka wa 1982 kampuni za Philips na Sony zilitoa sahani ndogo za CD, na ule mkwaruzo wa sindano ukatoweka.

Angalieni jambo moja. Kila hatua katika hizo ilitambuliwa na watu wote. Mtoto mdogo angeisikia, na bibi asiyejua kusoma angeisikia pia, bila ya mtu kumnong'oneza. Hatua ya kweli haihitaji mfasiri. Tena, vitu vilivyokuwa vya matajiri vilishuka bei upesi. Kipande kidogo kilichomo ndani ya simu ya kawaida leo hugeuza namba kuwa sauti kwa usafi unaopita ule wa mikanda ya studio za zamani. Ndiyo kusema, palizi ya kwanza na ya pili zimekwisha kufanyika, nasi twafaidi mavuno yake kwa bei ndogo. Anayelipa dola elfu nyingi leo analipia palizi ya kumi.

Mipaka ya sikio

Kwa nini ya kumi haifai? Kwa sababu sikio la mwanadamu lina mipaka yake. Sauti ni mitikisiko ya hewa. Sikio zima la kijana husikia mitikisiko kuanzia 20 kwa sekunde, ambayo ni sauti nzito kabisa, hata kufika 20,000 kwa sekunde, ambayo ni sauti nyembamba mno. Umri ukizidi, mpaka wa juu hushuka. Watu wengi waliopita miaka hamsini hawasikii tena mitikisiko inayopita 15,000.

Sahani ya CD hupima sauti mara 44,100 kila sekunde, na kwa hiyo yaweza kubeba mitikisiko karibu 22,000. Mpaka wa sikio umekwisha kupitwa. Lakini wafanyabiashara huuza vyombo vinavyosifiwa kwamba vyafika 40,000 na zaidi, na mara nyingi mnunuzi ni mzee mwenye fedha, si kijana mwenye masikio mapya. Ni kumwuzia mtu taa ya kumulika mahali ambapo hana macho.

Nguvu ya sauti nayo ina hesabu yake ya ajabu. Amplifaya, yaani chombo cha kukuza sauti, hupimwa kwa wati. Mtu hudhani kwamba wati 100 zasikika mara kumi kuliko wati 10. Sivyo. Sikio husikia sauti hiyo kuwa kubwa kama mara mbili tu. Ukitaka iwe kubwa mara mbili tena, wati 100 hazitoshi, yakupasa kuwa na 1,000. Wataalamu wawili Wajerumani, Weber na Fechner, walichunguza tabia hiyo ya milango ya fahamu, na Fechner alichapisha kitabu chake mwaka wa 1860. Ukishika kilo moja mkononi, ukaongezewa gramu mia, utatambua mara moja. Lakini ukibeba gunia la kilo hamsini begani, gramu mia hizo hutazitambua kamwe.

Zaidi ya hayo, nguvu ikizidi huleta madhara. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya ya wafanyakazi, iitwayo NIOSH, yashauri kwamba mtu asikae katika sauti ya desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku. Ikifika desibeli 88, saa ziwe nne. Ikifika 100, muda ni kama robo saa tu. Sikio likiharibika kwa kelele, haliponi. Hapo faida haikupungua tu, imegeuka kuwa hasara, kama yule mkulima aliyekata mizizi.

Nyuma ya pazia

Labda mmoja wenu atasema: "Lakini rafiki yangu ananunua vyombo vya bei kubwa, naye aapa kwamba asikia tofauti." Hatumwiti mwongo. Twasema tu kwamba jicho lake limelishauri sikio. Kwa hiyo wachunguzi waliona yafaa kuweka pazia kati ya msikilizaji na chombo, na kusawazisha ukubwa wa sauti, kwa maana sauti iliyo kubwa kidogo tu huonekana kuwa nzuri zaidi.

Mwezi wa Januari 1987 gazeti la Marekani liitwalo Stereo Review lilieleza jaribio la namna hiyo. Amplifaya kadhaa zilishindanishwa. Iliyo rahisi iliuzwa kama dola 220, na iliyo ghali ilifika dola 12,000. Kati ya wasikilizaji walikuwamo walioamini kabisa kwamba tofauti ipo, na wenye mashaka. Mwisho wa hesabu, wote kwa pamoja hawakufanya vizuri kuliko mtu anayebahatisha.

Mwaka wa 1994 Floyd Toole na Sean Olive walichunguza spika. Watu wale wale walisikiliza kwa njia mbili, wakiziona spika na bila kuziona. Walipoziona, walizipa alama nzuri zile kubwa zenye umbo la kupendeza, na kile chombo kidogo cha bei rahisi wakakishusha. Pazia lilipofungwa, heshima ya umbo na bei ikapungua, na chombo kile kidogo kikapanda. Sauti haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kuona na kutoona.

Mwaka wa 2007 Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walitoa habari ya majaribio 554. Waliwasikilizisha watu sahani za usafi mkubwa kuliko CD, kisha sauti ile ile ikiwa imepunguzwa kufikia kipimo cha CD. Majibu yaliyokuwa sahihi ni 276, maana yake karibu nusu kamili. Mtu anayerusha sarafu hewani angepata vivyo hivyo.

Tusifiche upande wa pili. Mwaka wa 2016 Joshua Reiss, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Queen Mary mjini London, alikusanya majaribio 18 ya watu mbalimbali na kuyahesabu pamoja. Alipata majibu sahihi 52 na kidogo katika kila mia, na waliofundishwa kusikiliza walipata zaidi. Basi labda tofauti ipo. Lakini ni tofauti ya namna gani hiyo, ambayo mtu makini, katika utulivu mkubwa, huitambua mara 52 badala ya 50? Hiyo ndiyo maana ya faida inayopungua. Haisemi kwamba faida imekufa, ila imekuwa nyembamba kuliko uzi, na bei yake imekuwa nene kuliko gogo.

Hesabu ya waya

Wanafunzi wetu wanaosoma fizikia wachukue kalamu, tufanye hesabu moja pamoja. Ziko waya za kuunganisha amplifaya na spika ambazo bei yake hupita dola 10,000. Wauzaji husema kwamba waya hizo hufungua muziki kama dirisha. Haya, tutazame waya wa shaba wa kawaida, wenye unene wa milimita za mraba 2.5, ambao mafundi huutumia katika nyumba kwa ajili ya umeme. Mita moja ya waya huo ina ukinzani wa omu 0.007. Spika ikiwa mbali mita tano, umeme huenda mita tano na kurudi mita tano, jumla kumi. Kumi mara 0.007 ni omu 0.07. Spika yenyewe aghalabu ina omu 8. Basi waya mzima hauchukui hata sehemu moja katika mia. Waya wa dola 10,000 utaokoa nini hapo? Hata ukiondoa ukinzani wote, umeokoa sehemu isiyofika moja katika mia, na sikio halitajua.

Fedha yafanya kazi wapi?

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba vyombo vyote ni sawa, wala kwamba kilicho rahisi kabisa chatosha. Palizi ya kwanza ni ya lazima. Spika ndogo mno haiwezi kusukuma hewa ya kutosha, na kwa hiyo gitaa la besi na ngoma kubwa hupotea. Iliyotengenezwa vibaya huchafua maneno ya mwimbaji, na ukiongeza sauti hulia kama debe. Mtu akitoka katika chombo cha namna hiyo kwenda katika spika nzuri za bei ya kadiri, atashangaa, na fedha yake haikupotea. Tofauti kati ya spika na spika ni ya kweli, kubwa kuliko tofauti zote za amplifaya na waya.

Kisha kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau, nalo halina bei: chumba. Mawimbi ya sauti nzito ni marefu. Mitikisiko 100 kwa sekunde ina wimbi la mita tatu na nusu hivi, na mitikisiko 20 ina wimbi la mita 17. Mawimbi hayo hugonga kuta na kurudi, na mahali pengine hujumlishana, mahali pengine huuana. Spika ikisukumwa kabisa pembeni mwa chumba, sauti nzito huvuma na kufunika maneno. Ivute mbele kidogo, na mara nyingi ugonjwa huo hupungua. Chumba chenye saruji tupu na kuta tupu hurudisha mwangwi. Tandika mkeka mnene au zulia, tundika pazia, weka kabati la vitabu, na muziki utatulia.

Haya yafaa pia kwa ukumbi wa shule na kwa kanisa. Mara nyingi watu huchanga fedha kununua spika zenye nguvu zaidi kwa sababu maneno ya msemaji hayasikiki nyuma. Lakini ndani ya jengo kubwa la matofali na mabati, nguvu ikizidi, mwangwi nao huzidi, na maneno yapotea vile vile. Afadhali spika ndogo kadhaa zilizowekwa karibu na wasikilizaji, kuliko kubwa mbili zinazopiga kelele mbele. Wanakamati wangejua hilo mapema, fedha nyingi ya michango ingeokoka.

Mtu wa Virginia

Sasa tuwaelezeni habari moja ya kweli, ambayo gazeti la Washington Post liliisimulia mwezi wa Januari 2024. Katika jimbo la Virginia, Marekani, aliishi mtu mmoja fundi hodari, mpenda muziki tangu ujana. Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi alijenga nyumbani kwake ukumbi wa kusikilizia santuri, akatengeneza spika ndefu kupita kimo cha mtu, na chombo cha kuzungushia santuri chenye uzito mkubwa. Mengi aliyafanya kwa mikono yake, na kwa hayo yafaa kumsifu. Gharama ilifika kama dola 1,000,000. Watoto wake walipokuwa wadogo, siku zao za mapumziko zilikwenda katika kazi hiyo. Alifariki mwaka wa 2022. Vyombo vile vilipouzwa kwa mnada, hata sehemu ya tano ya fedha ile haikurudi.

Hatuisimulii habari hii ili kumcheka marehemu. Alipenda kitu kizuri, nacho alikifuata kwa moyo wote. Twaisimulia kwa sababu yatuonyesha upande wa hesabu ambao karatasi ya duka haiuandiki. Faida inayopungua haihusu dola peke yake. Jumamosi ya kwanza ambayo baba na watoto wanaitumia kutengeneza chombo pamoja ni furaha na fundisho. Jumamosi ya mia ni mzigo. Nazo siku za utoto, zikisha kupita, hakuna mnada wa kuzirudisha.

Sauti ya Jadotville

Je, muziki wenyewe unadai nini ili upendeze? Kwa jibu la swali hili hatuna haja ya kwenda Marekani. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekusanya muziki wa Afrika, alifika Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Huko alimkuta kijana Mwenda Jean Bosco, mwenye gitaa moja la mbao, akiimba kwa Kiswahili. Alimwandika kwa chombo cha safari, sauti ikiingia kwa njia moja tu, bila stereo. Wimbo wa "Masanga" uliotoka katika siku hizo ulivuka mipaka, na wapiga gitaa wa nchi za mbali walikaa wakijaribu kujua vidole vya mtu mmoja viliwezaje kutoa sauti za magitaa mawili.

Miaka sita baadaye, mwaka wa 1958, waimbaji wa Kamina walioongozwa na Padri Guido Haazen walikwenda Ulaya, na Misa Luba yao ikatiwa katika santuri ya Philips. Ngoma na sauti za vijana wale zilisikika mbali sana, hata katika sinema ya Kiingereza iitwayo "If....", ya mwaka wa 1968. Wengi walioipenda santuri hiyo waliisikia kwa vyombo vidogo vya nyumbani. Hakuna aliyesubiri waya wa dola 10,000 ndipo moyo wake uguswe.

Yapimeni hayo mawili. Leo simu ya mwanafunzi hutoa sauti safi kuliko mkanda ule wa Jadotville. Lakini simu haiwezi kumzaa Mwenda. Uzuri wote uliomo katika "Masanga" uliwekwa na mpigaji kabla chombo chochote hakijagusa kazi hiyo. Chombo kizuri hufanya kazi moja: kupitisha uzuri huo bila kuuharibu. Kikisha kufanya hivyo, hakina la kuongeza.

Mashauri yetu

Basi, baba na mama wa jamaa, na ninyi vijana mnaoanza kupata mshahara, mkitaka kununua chombo cha muziki, shikeni maneno haya machache.

Kwanza, amueni kiasi cha fedha nyumbani, mume na mke pamoja, kabla ya kuingia dukani. Dukani taa zang'aa na muuzaji ana ulimi mtamu.

Pili, sehemu kubwa ya fedha iende kwenye spika. Amplifaya iwe ya kadiri, na waya uwe wa shaba wa kawaida.

Tatu, msiamini namba zilizoandikwa juu ya boksi. Chombo chaandikwa wati 2,000, kumbe karatasi ndogo nyuma yake yasema kwamba chavuta wati 50 tu kutoka katika umeme. Chombo hakiwezi kuendelea kutoa nguvu kuliko ile kinayoivuta, kama vile debe halitoi maji kuliko yaliyotiwa.

Nne, sikilizeni kwa masikio, si kwa macho. Chukueni wimbo mnaoujua vizuri. Mwombeni mwenzenu avipige vyombo viwili, sauti ikiwa sawa, nanyi mkiwa mmegeuka. Kama hamwezi kutambua kilicho ghali ni kipi, chukueni kilicho rahisi, nanyi mmepata faida siku hiyo hiyo.

Tano, kabla ya kununua kipya, hamisheni kile cha zamani kutoka pembeni, tandikeni mkeka, kisha sikilizeni tena. Huenda chombo mlichokuwa mkikitafuta mnacho tayari.

Fedha itakayobaki, ipeni kazi ambayo palizi yake ni ya kwanza. Kwa mtoto asiye na kitabu, kitabu kimoja ni kitu kikubwa. Kwa nyumba inayovuja, bati moja ni kitu kikubwa. Na kwa kijana mwenye kipaji, gitaa la bei ndogo laweza kuwa mwanzo wa sauti ambayo kesho watu wengine watatafuta vyombo vya kuisikiliza.